UZI: Semikondakta za tabaka moja (MoS₂, WS₂, MoSe₂, WSe₂): kuchana, kutambua na kupima bila kudanganywa na namba

#1 kimiani_K

Wakuu, habari zenu. Maswali kuhusu MoS₂ na ndugu zake (Mo ni molibdeni, W tungsteni, S salfa, Se seleni) yametawanyika kwenye nyuzi nyingi, na mengi yanarudi palepale: nimepima, namba haifanani na iliyoandikwa, je, fuwele imeharibika? Mara nyingi fuwele haina kosa lolote. Kitu chenye unene wa atomi tatu ni uso mtupu, hakina ndani. Kilicho chini yake, kilicho juu yake na hewa inayokigusa vyote vinaingia kwenye namba unayosoma. Tuweke hapa mambo ya kazi: hatua, vipimo, na yanayoharibika.

Nianze na msingi. Tabaka moja la MoS₂ ni safu ya molibdeni iliyobanwa kati ya safu mbili za salfa, unene wake kama nanomita 0.65. Ndani ya tabaka atomi zimeshikana kwa vifungo imara vya kikemia. Kati ya tabaka na tabaka kuna mvuto hafifu wa van der Waals tu, ndiyo maana fuwele inachanika. Ikiwa nene, pengo lake la nishati ni karibu 1.3 eV (elektroni-volti) na si nyoofu: juu ya bendi ya valensi na chini ya bendi ya upitishaji haviko kwenye momenta moja, kwa hiyo elektroni haishuki na kutoa fotoni bila msaada wa fononi, yaani mtetemo wa fuwele. Mng'ao unakuwa hafifu mno. Ukibaki na tabaka moja, pengo linakuwa nyoofu kwenye momenta iitwayo pointi ya K na mng'ao unaruka juu. Vikundi viwili vya Marekani, kimoja cha Chuo Kikuu cha Columbia na kingine cha Berkeley, vilitangaza hilo mwaka 2010.

Namba za kukaa nazo kichwani, kwa joto la chumba: MoS₂ inang'aa karibu 1.85 eV (nm 670), WS₂ karibu 2.01 eV (nm 617), WSe₂ karibu 1.65 eV (nm 752), MoSe₂ karibu 1.56 eV (nm 795). Kugeuza ni rahisi: gawanya 1240 kwa eV upate nanomita. Bendi ya valensi imegawanyika kwa sababu ya spini: kama 0.15 eV kwa MoS₂, 0.18 kwa MoSe₂, 0.4 kwa WS₂ na 0.45 kwa WSe₂. Ndiyo maana kwenye spektra ya ufyonzaji kuna vilele viwili, A na B, na umbali kati yao unafuata mgawanyiko huo.

Na jambo linalosahaulika kuliko yote: kilele unachokiona si pengo la nishati. Ni eksitoni, yaani elektroni na tundu vilivyofungana. Kwenye tabaka moja mistari ya uga wa umeme kati yao inapita nje ya fuwele, ambako hakuna cha kuuzima, kwa hiyo wamekamatana kwa nguvu kubwa. Kwa WS₂ iliyo juu ya oksidi ya silikoni nishati hiyo ilipimwa mwaka 2014 ikawa karibu 0.32 eV, na pengo halisi likawa karibu 2.4 eV. Joto la chumba lina 0.026 eV tu, halitoshi kuwaachanisha.

#2 Fotoni_670

Shukrani mkuu. Naomba tuanzie kwenye utambuzi. Mtu asiye na hadubini ya nguvu za atomi anajuaje kwa uhakika kwamba kigamba alicho nacho ni tabaka moja na si mawili?

#3 Bi_Spektra

Hadubini ya nguvu za atomi yenyewe haikupi uhakika huo. Tabaka moja juu ya oksidi mara nyingi inasomeka nanomita 0.7 hadi 1 au zaidi, kwa sababu kuna maji na hewa vimenaswa chini yake, tena sindano inauvuta uso wa oksidi na uso wa MoS₂ kwa nguvu tofauti. Kipimo cha unene kinaaminika zaidi ukipima hatua kutoka tabaka moja hadi la pili ndani ya kigamba kilekile.

Njia ya kazi ni hii. Kwanza rangi. Tumia silikoni yenye oksidi ya nm 90 au nm 285. Unene huo unafanya mwanga unaorudi kutoka juu na unaorudi kutoka chini uingiliane vizuri, na kigamba kionekane. Weka kichujio cha kijani cha karibu nm 550. Ukibadilisha unene wa oksidi, rangi zote ulizozizoea zinabadilika, kwa hiyo usilinganishe picha zako na za mtu mwenye oksidi nyingine.

Pili Raman, yaani mwanga wa leza unaorudi ukiwa umepoteza nishati kidogo kwa mitetemo ya atomi. Kwa MoS₂ kuna vilele viwili, E′ karibu 385 na A₁′ karibu 404 kwa sentimita. Tafuta tofauti yao: ikiwa 18 hadi 20 ni tabaka moja, 21 hadi 22 ni mawili, na fuwele nene inafika kama 25. Tofauti kati ya moja na mawili ni ndogo, kwa hiyo kwanza sawazisha spektromita kwa kilele cha silikoni kwenye 520.7, na tumia gratingi (bamba la mistari linalotawanya rangi) yenye mistari mingi, 1800 kwa milimita ikiwezekana. Ukitumia ya 600, pikseli moja inaweza kula tofauti yote unayoitafuta.

WSe₂ haifuati kanuni hiyo. Vilele vyake viwili vimelaliana karibu 250. Pale angalia kilele kidogo cha karibu 309: kikiwepo, una tabaka mbili au zaidi. Kwa WS₂ angalia leza unayotumia: ya kijani iko karibu na eksitoni B yake, kwa hiyo kilele cha 2LA karibu 352 kinakuwa kikubwa na kuifunika E′ ya 356. Si uchafu huo.

Tatu mng'ao wenyewe. Tabaka mbili za MoS₂ zinang'aa kidogo sana kuliko moja, na zinaonyesha mkia wa pengo lisilo nyoofu kati ya 1.5 na 1.6 eV. Rangi, Raman na mng'ao vikikubaliana, umemaliza.

#4 mzee_wa_ombwe

Naongeza onyo kuhusu nguvu ya leza, maana hapa ndipo vigamba vingi vinafia. Watu wanasoma "miliwati moja" wakaona ni kidogo. Tupige hesabu. Leza ya nm 532 kupitia lenzi ya mara 100 yenye NA (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga) 0.9 inatoa doa la kipenyo cha 1.22 × 532 / 0.9, sawa na nm 720 hivi. Eneo lake ni mikromita mraba 0.41. Mikrowati 10 tu hapo ni kilowati 2.5 kwa sentimita mraba. Miliwati moja ni kilowati 250 kwa sentimita mraba, kwenye kitu chenye unene wa atomi tatu.

Fanya hivi kabla ya kipimo chochote cha maana: pima mng'ao kwa mikrowati 1, 3, 10, 30, kisha rudi kwenye 1. Chora kwa logi pande zote mbili. Mteremko ukiwa 1, uko salama. Ukishuka chini ya 1, eksitoni zimekuwa nyingi hadi zinagongana na kuuana, na namba yoyote ya ufanisi utakayotoa hapo itakuwa ya chini kuliko ukweli. Na kama kipimo cha mwisho cha mikrowati 1 hakilingani na cha kwanza, umeshakibadilisha kigamba: ama umekichoma, ama umefukuza maji na oksijeni vilivyokuwa juu yake. Hamia kigamba kingine.

#5 selotepu_na_silikoni

Wengine tumekwama kabla ya hapo. Kuchana kunatoa vipande vinene tu, au tabaka moja ndogo za mikromita 3 ambazo hazitoshi kuwekea elektrodi. Tatizo ni fuwele au mkono?

#6 kimiani_K

Kwa kawaida ni uso wa silikoni, na papara. Hatua zinazofanya kazi:

Safisha silikoni kwa asetoni kisha isopropanoli, dakika 5 kila kimoja kwenye mtikiso wa sauti, kausha kwa naitrojeni. Halafu plasma ya oksijeni dakika chache ili kuondoa mafuta yanayobaki. Kuanzia hapo una dakika, huna saa: hewa inaurudishia uso uchafu wake.

Chukua kipande kinachong'aa cha fuwele, kibandike kwenye selotepu ya gundi hafifu, kunja na fungua mara 4 hadi 6 tu. Ukizidisha, unasaga fuwele kuwa vumbi na kila kipande kinakuwa kidogo. Hapo ndipo mikromita 3 zako zinatoka. Ule utepe uliojaa usiubandike moja kwa moja kwenye silikoni. Bandika utepe mpya juu yake, zitenganishe tepe hizo mbili, na tumia huo wa pili, kwa sababu nyuso zake zimefunguliwa sasa hivi na hazijagusa hewa wala gundi.

Bandika, sugua taratibu kwa kidole au ncha ya pamba dakika moja, kisha weka kwenye sahani ya joto ya nyuzi 100 kwa dakika 2. Hewa iliyonaswa katikati inatoka na mguso unakuwa mpana. Acha ipoe kabisa kabla ya kuchuna, la sivyo gundi laini inabaki kwenye silikoni. Chuna polepole sana, kwa pembe ndogo.

Ukihitaji vipande vya milimita, tumia dhahabu. Salfa na seleni zinashikamana na dhahabu safi kuliko tabaka linavyoshikamana na jirani yake, kwa hiyo tabaka la chini linabaki na mengine yanaondoka na utepe. Siri yote iko kwenye upya wa dhahabu: bandika ndani ya dakika chache tangu uitoe kwenye ombwe. Ikikaa, kaboni ya hewani inaifunika na mavuno yanaporomoka. Baadaye dhahabu inayeyushwa kwa mchanganyiko wa iodini na iodidi ya potasiamu. Juu ya dhahabu yenyewe usitarajie mng'ao, unazimwa na metali.

#7 Fotoni_670

Swali la kilele sasa. MoS₂ ya kuchana iko 1.87 eV, ile iliyokuzwa kwa mvuke kwenye oksidi iko 1.82, na ukihamisha hiyo ya mvuke kwenye silikoni nyingine inapanda. Raman zote zinasema tabaka moja. Ipi ni sahihi?

#8 Bi_Spektra

Zote sahihi, zinakuambia mambo tofauti. Hiyo iliyopanda baada ya kuhamishwa ni mvutano. MoS₂ inasinyaa ikipoa kwa kiwango kikubwa kuliko oksidi ya silikoni. Imekua kwenye nyuzi 700 na kitu, imeshikamana na oksidi, kisha vyote vimepoa: tabaka linataka kusinyaa, oksidi hairuhusu, linabaki limetanuliwa. Kutanua kwa upande mmoja kunashusha kilele kama 45 meV kwa kila asilimia moja ya mvutano. Ulipoliachanisha na oksidi liliachia. Angalia pia E′ kwenye Raman, inashuka ukitanua. A₁′ haijali sana mvutano lakini inashuka na kunenepa elektroni zikizidi. Vilele hivyo viwili pamoja vinakutenganishia mvutano na elektroni.

Sababu ya pili ni trioni. MoS₂ kwa kawaida ina elektroni za ziada, na eksitoni ikidaka moja inakuwa trioni yenye nishati ya chini kwa karibu 30 meV. Kwa joto la chumba vilele hivyo vinaungana kuwa nundu moja isiyolingana pande zake, na ukisoma juu ya nundu tu utadhani pengo limehama. Ilinganishe nundu hiyo na jumla ya vilele viwili, si kimoja. Ukiwa na geti (elektrodi inayoongeza au kupunguza elektroni kwenye tabaka) nyuma ya silikoni, sogeza volti kwenda hasi: sehemu ya juu ikikua na ya chini ikipungua, ni trioni, hakuna ubishi.

Sababu ya tatu, mazingira, inadanganya kwa namna ya pekee. Ukiweka kitu chenye dielektriki kubwa, yaani kinachodhoofisha uga wa umeme, karibu na tabaka, pengo halisi linapungua, lakini nishati ya kufunga eksitoni nayo inapungua karibu kwa kiasi hichohicho. Tofauti yao, ambayo ndiyo kilele chako, inasogea kidogo tu, makumi ya meV. Mtu anaona kilele kimetulia anahitimisha pengo halijabadilika, kumbe limebadilika kwa mamia ya meV. Kwa kubuni transista kosa hilo ni kubwa.

#9 mzee_wa_ombwe

Na hewa. MoS₂ ileile inang'aa zaidi hewani kuliko kwenye ombwe, kwa kuwa oksijeni na maji vinavyokaa juu yake vinanyonya elektroni za ziada na kupunguza trioni. Ukipima hewani leo na kwenye ombwe kesho, usishangae. Andika hali ya hewa ya kipimo kama unavyoandika nguvu ya leza.

#10 asidi_kali

Kwa wanaotaka mng'ao mkubwa, dawa ipo tangu 2015: asidi kali ya TFSI. MoS₂ ghafi ina ufanisi chini ya asilimia 1. Iliyotibiwa ilipimwa zaidi ya asilimia 95 kwa leza hafifu. Utaratibu: ndani ya kabati la naitrojeni yeyusha mg 20 za TFSI kwenye ml 10 za dikloroethani, upate mg 2 kwa ml. Punguza mara kumi, iwe mg 0.2 kwa ml. Zamisha sampuli kwenye chupa iliyofungwa vizuri, juu ya sahani ya nyuzi 100, dakika 10. Toa, kausha kwa naitrojeni, usisuuze. Kisha nyuzi 100 tena kwa dakika 5.

Kinachoharibika: TFSI inanyonya maji kwa kasi. Ukiipima hewani inageuka ute, na mkusanyiko wako haujulikani tena. Sampuli ikigusa maji baadaye, athari inaondoka. Na inafanya kazi kwa salfidi, yaani MoS₂ na WS₂. Kwa selenidi usihangaike. Dikloroethani ni sumu na inahusishwa na saratani, glavu za kawaida za nitrili haziizuii kwa muda mrefu, kwa hiyo fanya kazi chini ya kifyonza hewa na ubadilishe glavu mara moja zikilowa.

#11 kimiani_K

Mkuu, utaratibu nakubali, ila ile tafsiri inayorudiwa mara nyingi, kwamba "dawa inaziba nafasi wazi za salfa" (mahali ambapo atomi ya salfa imekosekana), ndiyo ninayoipinga. Mwaka 2019 kundi lilelile la Berkeley lililotangaza asidi hiyo lilionyesha kwamba MoS₂ isiyotibiwa, ikisogezwa kwa geti hadi isiwe na elektroni za ziada, inafikia ufanisi wa karibu asilimia 100 kwa leza hafifu. Nafasi wazi bado zipo, ila mng'ao umerudi. Maana yake kinachoua mng'ao ni trioni, ambayo kwenye MoS₂ inakufa bila kutoa mwanga, na asidi inafanya kazi kwa kuondoa elektroni.

#12 asidi_kali

Hoja ya geti ni nzito, siipingi. Kwa vitendo bado asidi ina nafasi yake pale ambapo huwezi kuweka elektrodi, kwa mfano kigamba kilicho juu ya kioo kitupu. Lakini ni kweli, mwenye geti aanze na geti: inarudi nyuma, haina sumu, na inakuambia sababu.

#13 hBN_juu_na_chini

Mkiongelea mazingira bila kutaja boroni naitraidi (hBN) mnaacha nusu ya habari. Oksidi ya silikoni ina chaji zilizokwama na ni ya mabonde-mabonde kwa kipimo cha atomi. Ukiiweka MoS₂ kati ya vipande viwili vya hBN, upana wa kilele kwa joto la heliamu majimaji unashuka kutoka makumi ya meV hadi kati ya 2 na 5 meV. Hapo ndipo unaona eksitoni na trioni zikiwa zimesimama mbalimbali. hBN nyingi nzuri zinazotumika duniani zinatoka Tsukuba, Japani, kwa Taniguchi na Watanabe.

Namna ya kupanga: tengeneza stempu ya PDMS (mpira laini unaopitisha mwanga) yenye mgongo kidogo, ifunike kwa utando wa polikaboneti. Chagua hBN ya juu yenye nm 10 hadi 20; nyembamba mno inakunjamana. Iguse kwa stempu kwenye nyuzi 80 hadi 110, inua polepole. Kwa hBN hiyo inua tabaka la MoS₂, kisha hBN ya chini. Shusha rundo lote kwenye silikoni, pandisha hadi nyuzi 180 ili polikaboneti ilainike na kubaki na rundo, inua stempu, na yeyusha utando kwa klorofomu.

Tatizo kubwa ni mapovu. Yanatokana na kushusha haraka: mstari wa mguso unapaswa kutembea taratibu kiasi cha kuuona ukisukuma uchafu mbele yake. Mguso ukiwa kwenye joto la chini, uchafu hausogei na unabaki kama malengelenge. Baada ya hapo choma kwenye ombwe nyuzi 200 saa chache, mapovu madogo yanakusanyika kuwa makubwa machache na katikati panabaki pakavu. Pima hapo katikati. Hadubini ya nguvu za atomi ina kazi yake kamili hapa, kutafuta eneo laini, wala si kuhesabu tabaka.

Jambo la pili: tabaka moja likikataa kunyanyuka, mara nyingi hBN haijalifunika lote. Ukingo wa hBN upite ukingo wa MoS₂ kila upande, angalau upande unaoanza kuinua.

#14 Elektroni_Huru

Tuje kwenye umeme. Naona watu wanatoa namba za wepesi wa elektroni bila kuonyesha hesabu. Oksidi ya nm 285 ina kapasitansi ya nF 12.1 kwa sentimita mraba. Kila volti ya geti inaleta elektroni 7.6 × 10¹⁰ kwa sentimita mraba. Ukitaka 10¹³ unahitaji volti 130 na zaidi, na oksidi mbovu haifiki huko. Oksidi ya nm 90 inakupa 2.4 × 10¹¹ kwa volti, ndiyo ninayopendekeza.

Fomula: μ = (L/W) × (1/(C × V ya dreni)) × mteremko wa mkondo dhidi ya geti. Mfano: L mikromita 2, W mikromita 4, volti ya dreni 0.1, mteremko 10⁻⁷ A kwa volti, oksidi nm 285. Jibu ni karibu 41 cm²/Vs. Kwa MoS₂ juu ya oksidi, namba kati ya 1 na 50 ni ya kawaida. Ukipata 200 au 500, anza kutafuta kosa. Transista maarufu ya Lausanne, Uswisi, ya mwaka 2011, yenye geti la juu la oksidi ya hafni na uwiano wa kuwaka na kuzima wa 10⁸, ilitajwa kuwa na wepesi wa karibu 200. Mwaka 2013 ikaelezwa kwamba geti la juu lililoachwa bila kuunganishwa lilikuwa limeongeza kapasitansi halisi ya geti la nyuma, kwa hiyo kugawanya kwa kapasitansi ya oksidi peke yake kulikuza jibu. Uwiano wa 10⁸ hauguswi na hoja hiyo. Unganisha kila geti ulilonalo na ardhi, au pima kapasitansi.

#15 selotepu_na_silikoni

Na mguso wa metali? Mkondo wangu mdogo unapinda kama herufi S, haunyooki.

#16 Elektroni_Huru

Huo ni ukuta wa Schottky, kizuizi cha nishati pale metali inapogusa semikondakta. Ungetarajia kwamba ukichagua metali yenye nishati ndogo ya kutoa elektroni ukuta unaisha. Hauishi, kwa sababu kiwango cha Fermi (kimo cha nishati ambacho elektroni zimejaza) kinakwama karibu na bendi ya upitishaji ya MoS₂ bila kujali sana metali. Uharibifu unaofanywa na atomi za metali zinapotua una mchango mkubwa, na titani inafanya zaidi: inachukua salfa na kuunda mchanganyiko wake. Dhahabu iliyopakwa polepole kwenye ombwe la kina sana inatoa mguso bora kuliko dhahabu ileile kwenye ombwe la kawaida.

Mwaka 2021 bismuthi ilileta mabadiliko ya kweli: ukinzani wa mguso wa ohmu-mikromita 123 kwenye MoS₂ ya tabaka moja. Ni nusumetali, ina hali chache za elektroni karibu na kiwango cha Fermi, kwa hiyo haileti zile hali ndani ya pengo zinazokikwamisha. Lakini inayeyuka nyuzi 271. Ukishaipaka, sahau kuchoma sampuli kwenye nyuzi 300.

Kwa nini mguso ni muhimu hivyo: chukua 10¹³ elektroni na wepesi wa 30. Mraba mmoja wa tabaka una ukinzani wa kilohmu 21 hivi. Mguso wako ukiwa kilohmu-mikromita 5 kila upande, transista yenye urefu na upana wa mikromita 1 inapoteza theluthi ya ukinzani wote kwenye miguso. Fupisha urefu uwe nm 100: tabaka linabaki na kilohmu 2.1, miguso bado 10. Hapo unapima metali. Kwa hiyo weka elektrodi nyingi kwenye kigamba kimoja chenye upana uleule, umbali kuanzia mikromita 0.2 hadi 2, chora ukinzani dhidi ya umbali, na pale mstari unapokata urefu sifuri ndipo penye ukinzani wa miguso miwili. Fanya hivyo kwa msongamano mmoja wa elektroni, si kwa volti moja ya geti, kwa kuwa kizingiti cha kila kipande kinatofautiana.

Kama mstari wa kwenda na wa kurudi haulaliani, hiyo ni maji na oksijeni vinavyodaka chaji. Weka kwenye ombwe, pasha nyuzi 120 kwa saa kadhaa, pima bila kufungua.

WSe₂ ni tofauti, inapitisha elektroni na matundu. Kwa matundu tumia paladi au platini.

#17 tanuri_la_bomba

Kwa wanaokuza kwa mvuke: tanuri la bomba la kwatzi, oksidi ya molibdeni mg 5 hadi 20 kwenye mtumbwi katikati, silikoni juu yake uso chini, salfa mg 100 au zaidi upande gesi inakoingilia. Agoni sentimita za ujazo 10 hadi 50 kwa dakika (sccm). Katikati nyuzi 650 hadi 800, salfa 180 hadi 200, shikilia dakika 5 hadi 15.

Yote yanategemea salfa inaanza kufika lini. Ikiwahi, uso wa oksidi unageuka salfidi ukiwa bado kwenye mtumbwi, unajifunga, na hakuna mvuke wa molibdeni unaopanda. Unafungua tanuri unakuta silikoni tupu na unga mweusi. Ikichelewa au ikiwa kidogo, unapata vipande vya pembe nne vya MoO₂ au vya oksidi iliyobadilika nusu, badala ya pembetatu. Salfa ianze kuyeyuka wakati katikati ya tanuri pameshapita nyuzi 600 hivi. Ndiyo maana hita ya pekee kwa ajili ya salfa ina faida kuliko kuisogeza kwa kubahatisha.

Pembetatu zenye kingo zilizonyooka ni dalili nzuri ya uwiano. Kingo zilizobonyea ndani zinaonyesha uwiano umeyumba. Chumvi ya kawaida kidogo ikichanganywa na oksidi inatengeneza misombo inayopaa kwa joto dogo na vipande vinakuwa vikubwa, ila angalia mabaki ya sodiamu ukienda kupima umeme. Ukitumia haidrojeni, kuna haidrojeni salfidi kwenye gesi inayotoka: ipitishe kwenye myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu, na usitegemee pua, kwa sababu gesi hiyo ikizidi pua inaacha kuinusa.

#18 Fotoni_670

La mwisho kwangu: upolarishaji wa duara. Nataka kupima mabonde ya K na K′ (momenta mbili zenye pengo nyoofu, moja inaitikia mwanga wa duara la kulia, nyingine la kushoto) kwenye MoS₂, napata asilimia 5 tu hata kwenye nyuzi 10 za Kelvini.

#19 Bi_Spektra

Unatumia nm 532? Badili. Kadiri leza inavyokuwa juu ya eksitoni A, ndivyo elektroni inavyopoteza kumbukumbu ya bonde ikiwa inashuka. Vipimo vya 2012 vilivyotoa upolarishaji mkubwa kwenye MoS₂ vilitumia leza ya nm 633 hivi, karibu na A yenyewe. Utahitaji kichujio kikali cha kuzuia leza, kwa sababu mng'ao unaanzia karibu nayo sana.

Kisha kagua njia ya mwanga. Bamba la robo-wimbi liwe la mwisho kabla ya lenzi, baada ya kioo cha kugawa mwanga. Ukiliweka kabla ya kioo, kioo kinaharibu duara na unaangaza kwa mwanga wa umbo la yai. Mwanga unaorudi unapita bamba hilohilo na kuwa wa mstari. Zungusha bamba la nusu-wimbi na uache polaraiza isisogee mbele ya spektromita, kwa sababu gratingi inapitisha mielekeo miwili ya mwanga wa mstari kwa kiasi tofauti, na ukizungusha polaraiza utapima tabia ya gratingi ukidhani ni mabonde. Jaribu kwanza kwa kioo cha kawaida badala ya sampuli, leza ikiwa hafifu: kioo kinageuza duara la kulia kuwa la kushoto, kwa hiyo (I₊ − I₋)/(I₊ + I₋) isomeke karibu hasi 1. Ikiwa hasi 0.7, rekebisha vioo kabla ya kugusa MoS₂.

#20 hBN_juu_na_chini

Nyongeza kwa atakayejaribu vitu vingine kwenye kifaa hichohicho cha baridi: usianze na MoSe₂ kwa mabonde, upolarishaji wake ni mdogo hata hali ikiwa nzuri. Na ukipoza WSe₂ au WS₂, mng'ao wa eksitoni A utapungua badala ya kuongezeka. Kwenye hizo za tungsteni hali ya chini kabisa ya eksitoni ni ya giza, spini ya elektroni na ya bendi ya valensi hazikubaliani, na baridi inazijaza eksitoni humo. MoSe₂ inafanya kinyume, inang'aa zaidi ikipoa. Kwa hiyo ukitaka kusawazisha doa na kukusanya mwanga kwenye kifaa cha baridi, tumia MoSe₂, halafu ndipo usogee kwenye WSe₂.

#21 Fotoni_670

Nimeelewa. Naagiza kichujio cha 633 na bamba la robo-wimbi la urefu huohuo wa wimbi, maana lililopo ni la 532.

#22 Bi_Spektra

Chukua lisilochagua wimbi, la akromatiki. Leza iko 633 lakini mng'ao uko karibu 650 hadi 670 kutegemea joto, na bamba la wimbi moja litakuwa sahihi kwa kimoja tu kati ya viwili hivyo.